Joto la Giaboksi na Transfa Linapopanda Kabini: Mwongozo kwa Wenye Land Rover Defender

Mkono wa gia haushikiki. Mkono wa transfa (sanduku la gia lililo nyuma ya giaboksi, linalogawa nguvu mbele na nyuma) ndio mbaya zaidi, na abiria wa katikati anaomba kuhamia nyuma kabla ya saa moja kuisha. Wenye Defender wengi wameizoea hali hii, na wanapochoka nayo humpelekea fundi gari aweke kapeti nene. Kapeti litapunguza joto la miguu, ni kweli, lakini kama transfa inaungua chini yake, sasa itaungua bila mtu kujua. Tafuta chanzo kwanza, uzibe baadaye.

Mwongozo huu unahusu Defender 90, 110 na 130 zenye injini ya 300Tdi au Td5, giaboksi ya R380 na transfa ya LT230. R380 ilianza kufungwa mwaka 1994 kuchukua nafasi ya LT77. Defender za 2007 hadi 2016 zina giaboksi nyingine ya gia sita, ila transfa ni ile ile LT230, kwa hiyo sehemu kubwa ya maelezo inazihusu pia. Wenye gari za otomatiki wana sehemu yao karibu na mwisho.

Kwa nini LT230 huchemka kuliko unavyotarajia

Defender huendesha magurudumu yote manne muda wote. Nguvu ikitoka giaboksi huingia transfa kwa gia moja, hupita kwenye gia za shafti ya kati, ndipo hushuka kwenye difu ya kati, yaani gia zinazoruhusu ekseli mbili kuzunguka kwa kasi tofauti, na kugawanywa mbele na nyuma. Hakuna njia ya mkato: uwe H (gia za juu, za mwendo wa kawaida) au L (gia za chini, za polepole na nguvu), nguvu lazima ipite kwenye meno hayo yote. Kila meno yanaposuguana, sehemu ndogo ya nguvu hugeuka joto. Injini ya 300Tdi hutoa kilowati 83 ikifikia kilele. Ukiwa barabarani unatumia kilowati 40 hivi, na ikipotea asilimia 5 tu ndani ya giaboksi na transfa, hizo ni kilowati 2 za joto. Ni kama pasi mbili za umeme zinazowaka saa nzima chini ya kiti cha katikati.

Transfa haina rejeta yake. Inapozwa na upepo unaopita chini ya gari, na oili yenyewe ndiyo inayobeba joto kutoka kwenye meno hadi kwenye bodi ya aluminiamu. Kwa hiyo joto fulani ni haki yake. Kazi yako ni kujua linapovuka mpaka.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kufungua nati yoyote

Nunua au azima kipimajoto cha infraredi, kile cha umbo la bastola. Kabla ya safari, ingia chini ya gari likiwa limepoa, futa vumbi na grisi, kisha weka alama za duara kwa rangi nyeusi isiyong'aa, ukubwa wa sarafu, kwenye sehemu hizi: ubavu wa giaboksi, ubavu wa transfa chini ya usawa wa oili, dramu ya breki ya mkono nyuma ya transfa, tumbo la difu ya mbele na la nyuma. Alama nyeusi si urembo. Aluminiamu tupu huakisi, na kipimajoto kikielekezwa kwenye chuma king'aacho husoma joto la chini sana kuliko lililopo. Watu hupima nyuzi 50 na kuondoka wameridhika huku chuma chenyewe kina 95.

Endesha saa moja barabara ya lami, kilomita 80 hadi 90 kwa saa, bila kufunga difu loki (kinachofunga difu ya kati ili ekseli zizunguke sawa). Simama bila kukanyaga breki kwa nguvu dakika za mwisho, weka magogo kwenye magurudumu, pima yote ndani ya dakika tano. Pima na vikombe vya magurudumu manne.

Hali ya hewa ikiwa nyuzi 30 hivi, giaboksi yenye afya husoma 70 hadi 95. Transfa 80 hadi 105. Difu za ekseli 50 hadi 80. Transfa ikizidi 120, usiendelee na safari ndefu hadi ujue sababu: oili ya kawaida ya madini huanza kuharibika haraka kuanzia 110 au 120, na kanuni wanayotumia mafundi wa vilainishi ni kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka hukata umri wa oili karibu nusu.

Kuliko namba moja moja, angalia tofauti. Gurudumu la kushoto likizidi la kulia kwa nyuzi 20, breki ya upande huo inakokota au beringi imekaza. Dramu ya breki ya mkono ikiwa na joto kuliko transfa yenyewe, nenda moja kwa moja hatua ya 3. Giaboksi ikiwa na joto kuliko transfa, shuku oili ya giaboksi au klachi inayoteleza.

Huna kipimajoto? Tone la maji. Likidondoka kwenye transfa na kuchemka papo hapo kwa mlio, umevuka 100. Usitumie kiganja: chuma cha nyuzi 60 kinaunguza ngozi kwa sekunde chache.

Hatua ya 2: Oili: kiasi, aina, na imekwenda wapi

Gari liwe sehemu tambarare, limepoa, limesimama angalau dakika 15. Safisha eneo la nati ya kujazia kabla ya kuifungua, maana mchanga ukiingia hapo ni sumu ya beringi. Fungua nati ya kujazia KABLA ya nati ya kumwagia. Ukimwaga kwanza, halafu ukakuta ya kujazia imeganda haifunguki, gari halitoki hapo ulipo.

Oili inatakiwa ifike mdomo wa chini wa tundu. Ingiza ncha ya kidole kidogo, uikunje kuelekea chini: kidole kiguse oili palepale. Hapo kuna matokeo matatu.

Imepungua. Tafuta inapovuja. Kwenye LT230 sehemu ya kwanza ya kutazama ni ncha za shafti ya kati, mbele na nyuma ya bodi, ambako orini (pete za mpira za kuzuia oili) huchoka na shafti huchezea kwenye aluminiamu. Ya pili ni sili ya nyuma (pete inayozuia oili kutoka pembeni ya shafti), na hiyo ikivuja oili huingia kwenye breki ya mkono.

Imejaa sana, inamwagika ukifungua nati. Hapa ndipo wengi hupotea, kwa sababu oili nyingi huonekana kama baraka. Si baraka. Gia zikizama kupita kiasi huipiga oili kama anayepiga mayai, povu hutokea, na povu halibebi joto wala halilainishi meno. Jiulize oili ya ziada imetoka wapi. Kati ya R380 na transfa kuna sili, na ikichoka oili ya giaboksi huhamia transfa. Fungua nati ya giaboksi siku hiyo hiyo. Transfa ikiwa imejaa na giaboksi imepungua, umepata jibu: sili ya nyuma ya giaboksi. Kuimwaga ya ziada na kuijaza giaboksi kutakufikisha nyumbani, lakini dawa ni kushusha transfa na kubadilisha sili. Ukiishusha, kagua meno ya shafti inayoingia transfa. Yakiwa yamechongoka kama meno ya msumeno au yana unga mwekundu wa kutu, yalikuwa yanakauka, na usirudishe vilivyochakaa.

Iko sawa. Basi angalia hali yake. Chovya kijiti, tazama juani. Nyeusi yenye harufu ya kuungua ni oili iliyopikwa. Rangi ya chai ya maziwa ni maji. Tope la kijivu laini kwenye nati ya kumwagia ni la kawaida, ila vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha si vya kawaida.

Aina ya oili ndiyo kosa la gharama kubwa gereji nyingi za Afrika Mashariki. LT230 hutumia oili ya gia ya EP (inayohimili mbano mkubwa wa meno) 80W-90 au 75W-90, lita 2.3 hivi unapobadilisha. R380 haitumii hiyo. Hutumia oili nyepesi ya MTF 94, lita 2.7 hivi ikiwa kavu kabisa. Fundi akimimina "oili ya gia" ya 90 kwenye R380 kwa kudhani giaboksi zote ni moja, asubuhi gia ya pili haiingii, pampu ndogo iliyo ndani husukuma oili nzito kwa shida, na joto hupanda. LT77 ya zamani hutaka ATF, oili ya giaboksi za otomatiki. Andika aina ya oili kwa rangi kwenye bodi ya kila kifaa. Fundi wa safari ijayo atakushukuru. Ekseli ni lita 1.7 hivi kila moja, ila ya nyuma aina ya Salisbury kwenye 110 na 130 ni lita 2.3 hivi, EP 90.

Kwa gari la kazi nzito, la utalii au la mizigo ya vijijini, badilisha ya transfa kila kilomita 20,000. Oili ya sintetiki ya 75W-90 hustahimili joto vizuri zaidi na huweza kushusha transfa nyuzi chache. Haitibu ugonjwa wowote uliotajwa hapa.

Hatua ya 3: Breki ya mkono inayokokota

Breki ya mkono ya Defender haiko kwenye magurudumu. Ni dramu moja iliyofungwa nyuma ya transfa, inashika propela ya nyuma (shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli). Ikikokota kidogo tu, joto lake lote linaingia kwenye shafti na sili ya transfa, kutoka hapo linapanda sakafuni. Hii ndiyo sababu tunayoipa nafasi ya kwanza gari linapochemka ghafla baada ya kutoka gereji: mtu amekaza kebo.

Kabla ya kuinua gari, elewa hatari hii. Kwa kuwa breki hii inashika propela tu, ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu ya ekseli inaachia na gari linaweza kujiendea hata breki ikiwa imevutwa hadi mwisho. Weka magogo mbele na nyuma ya magurudumu yaliyo chini. Kila mara.

Ukishaweka magogo, inua ekseli ya nyuma yote, weka stendi, giaboksi iwe huru, difu loki iwe imefunguliwa, shusha breki ya mkono. Zungusha propela kwa mkono. Ukisikia mkwaruzo mfululizo au ukihisi inakaza sehemu moja ya mzunguko, breki inashika.

Legeza kebo kwanza kabisa. Kisha nenda kwenye bolti ya kurekebishia iliyo nyuma ya bamba la dramu, igeuze upande wa saa hadi dramu ikaze isizunguke, halafu irudishe mzunguko mmoja na nusu. Piga dramu kwa nyundo ya mpira ili brekishuu zikae katikati. Ndipo urekebishe kebo, breki ianze kushika jino la pili au la tatu. Wengi hufanya kinyume: hukaza kebo kufidia brekishuu zilizolegea, na brekishuu hazirudi tena mahali pake. Kama brekishuu zimelowa oili, usizioshe kwa petroli ukazirudisha. Badilisha pamoja na sili.

Hatua ya 4: Difu loki iliyokwama, na matairi yasiyolingana

Difu ya kati ikifungwa kwenye lami, ekseli mbili zinalazimishwa kuzunguka sawa hata kwenye kona. Haziwezi. Propela zinajipinda kama kamba, meno yanabanwa, joto linapanda. Dalili ni usukani mzito na mlio wa matairi kwenye kona za polepole.

Taa ya dashibodi si ushahidi wa kutosha, swichi yake hufa. Jaribu hivi: magogo kwenye magurudumu ya nyuma, transfa kwenye H, giaboksi huru, inua gurudumu moja la mbele na ulizungushe kwa mkono. Likizunguka, difu imefunguka. Likigoma, imefungwa, hata kama mkono wa transfa unaonyesha vingine. Mara nyingi tatizo ni viungo vya fito juu ya transfa vilivyoshika kutu kwa kutotumika. Pulizia oili ya kupenya, usubiri usiku mzima, uvisukume na kuvirudisha hadi viwe laini, kisha viguse grisi. Baada ya hapo funga na kufungua difu loki mara moja kila wiki ukiwa kwenye vumbi au changarawe. Ikigoma kufunguka njiani, rudi nyuma mita chache ukiwa umenyoosha usukani.

Matairi nayo huleta joto lile lile kwa njia ya kimya. Mwenye gari ananunua matairi mawili mapya ya 7.50R16, anayafunga nyuma, mbele yanabaki yaliyokwisha. Sasa ekseli ya mbele inazunguka mara nyingi zaidi kwa kila kilomita, na difu ya kati inafanya kazi bila kupumzika, hata barabara iliyonyooka ya Makuyuni. Jaza upepo sawa, chora alama ya chaki kwenye tairi na ardhini, sukuma gari mizunguko 10, pima umbali. Fanya kwa mbele na kwa nyuma. Mizunguko 10 ni mita 25 hivi. Tofauti ikizidi sentimita 50, nunua mengine mawili au panga upya ili kila ekseli ipate moja jipya na moja la zamani kwa muda mfupi tu, kwa sababu hapo kazi inahamia kwenye difu za ekseli.

Hatua ya 5: Paipu za kupumulia, tope na majani

Hewa ndani ya transfa ikipata moto hutanuka. Inapaswa kutoka kwa paipu nyembamba inayopanda juu. Paipu ikizibwa na tope, presha husukuma oili kupitia sili, na sili nzuri huonekana mbovu. Ukiingia mtoni na transfa yenye nyuzi 95, hewa husinyaa ghafla na kunyonya maji kupitia sili hizo hizo. Chomoa paipu juu, puliza kwa mdomo: hewa ipite bila nguvu. Kabla ya kivuko kirefu simama dakika 10 chuma kipoe.

Tope la mfinyanzi mweusi likikauka juu ya transfa linakuwa blanketi. Osha kwa maji ya presha kila baada ya mbuga, lakini subiri chuma kipoe na usielekeze presha kwenye sili wala ncha za paipu. Majani makavu ni hatari kuliko tope. Hujisokota kwenye flanji ya propela na kukata sili, na yakirundikana karibu na egzosi huwaka. Msimu wa nyasi ndefu, kagua chini kila unaposimama, ukitumia waya wenye ncha ya ndoano.

Hatua ya 6: Hita inayopuliza moto mwezi Januari

Sio kila joto la miguuni ni la transfa. Kwenye Defender maji ya moto ya injini hupita kwenye hita muda wote. Ukisukuma mkono wa baridi na moto, hufungi maji, unasogeza kilango cha hewa ndani ya sanduku la hita kwa kebo. Sponji ya kilango huoza, kebo hutanuka au kutoka kwenye klipu yake, na hewa ya moto huvuja ndani hata mkono ukiwa kwenye baridi kabisa.

Zima injini, fungua boneti, mwombe mtu asogeze mkono huku wewe unatazama ncha ya kebo kwenye sanduku. Kilango kifike mwisho wa pande zote mbili. Kama hakifiki, legeza klipu, sukuma kilango kwa kidole hadi mwisho wa baridi, weka mkono kwenye baridi, kaza klipu. Sponji iliyokwisha ibadilishe kwa nyingine ya seli zilizofungwa, unene wa milimita 6.

Wapo wanaokata hita kabisa kwa kuunganisha mipira miwili kwenye injini. Pwani na nyanda za chini inafaa. Nyanda za juu hapana: asubuhi ya ukingo wa Ngorongoro kioo huganda ukungu, na bila hita huoni njia. Afadhali ufunge koki kwenye mpira unaoingia, uifunge na kuifungua kwa msimu. Injini iwe baridi kabisa unapofungua mpira. Ukimaliza ondoa hewa kwenye mfumo: 300Tdi ina plagi juu ya rejeta na nyingine kwenye nyumba ya themostati, zifungue zote mbili ukijaza polepole hadi maji yatoke bila mapovu. Hewa iliyobaki ndani ndiyo inayoua silinda hedi.

Hatua ya 7: Sasa ziba

Ukiwa umethibitisha kwa kipimajoto kwamba chuma cha chini kiko ndani ya mipaka, geukia kabini.

Ng'oa kiti cha katikati na mfuniko wa tuta la sakafu. Kagua mipira ya kufunika mikono ya gia. Ukiona mwanga kupitia ufa, hapo ndipo upepo wa moto, vumbi na moshi vinaingia. Badilisha mpira. Utepe wa gundi hautadumu wiki. Ziba kila tundu la waya na kebo kwa mpira wake wa tundu, na viungo vya mabati kwa sponji ya kubana. Kazi hii ya bei ndogo hupunguza joto kuliko kapeti lolote.

Kisha bandika shiti ya butaili (mpira mzito unaonata) yenye foili ya aluminiamu upande wa ndani wa bati, ukipangusa mafuta kwanza kwa spiriti, na uikandamize kwa rola hadi mapovu yaishe. Juu yake sponji ya seli zilizofungwa ya milimita 10. Usitumie sponji ya godoro. Inanyonya maji, na bati litaoza chini yake.

Paipu ya egzosi inapopita karibu na sakafu, funga ngao ya bati la aluminiamu, ikiachwa nafasi ya milimita 15 kutoka sakafu na upepo upite pande zote. Ngao iliyogusana na sakafu ni daraja la joto. Na transfa yenyewe usiifunike kwa chochote. Inahitaji upepo. Mabamba ya chuma ya kukinga chini ya gari yawe na matundu.

Mkono wenyewe ni chuma kigumu kilichochomekwa kwenye oili ya moto, kwa hiyo utapata joto hata ukiziba vipi. Kitasa cha mbao au plastiki ngumu hushikika. Cha aluminiamu kinachouzwa kwa urembo kitakuunguza.

Swichi ya taa na ya feni

Joto jingine la kabini halitoki chini. Kwenye Defender nyingi umeme wa taa kubwa hupita wote kwenye swichi ya usukani, bila rilei (swichi ya umeme inayobeba mzigo badala yake). Balbu mbili za wati 60 ni ampea 10. Ukifunga za wati 100, swichi ile ile inabeba karibu 17, plastiki inalainika, na harufu ya kuungua huja kabla ya taa kuzimika usiku. Funga rilei mbili za ampea 30 karibu na betri, waya wa milimita 4 za mraba kutoka betri hadi rilei ukiwa na fyuzi, 2.5 kwenda kila taa. Swichi itabaki kuamuru tu. Swichi ya feni ya hita ikiwa na joto, pima feni: beringi kavu huvuta umeme mwingi.

Mchangani na milimani

Weka L mapema. Dereva anayepanda mlima wa mawe kwa H huku akichezesha klachi anapika klachi, na joto lake linaingia giaboksi. L ya LT230 inapunguza mwendo mara 3.32, klachi inaachiwa mapema na injini inavuta bila kuhangaika. Mchangani shusha upepo wa matairi hadi psi 18 au 20: gari likielea badala ya kulima, mzigo wote wa meno hupungua. Jaza tena kabla ya lami.

Kama gari lako ni la otomatiki

Prado na Land Cruiser za otomatiki huchemka kwa sababu tofauti: toka konveta (torque converter), kifaa cha oili kinachounganisha injini na giaboksi badala ya klachi. Gari likizama mchangani huku injini inanguruma, nguvu karibu yote inageuka joto ndani ya ATF. Kawaida yake ni nyuzi 80 hadi 95. Ikikaa juu ya 120 inaharibika, ikifika 150 sili hukakamaa na klachi za ndani huteleza. Taa ya A/T OIL TEMP ikiwaka, simama, weka P, acha injini ikinguruma polepole bila kuizima hadi taa izime. Ukizima, ATF haizunguki tena kwenye kipoozeo. Jeep za zamani ni tofauti: baadhi hazisukumi ATF zikiwa P, hizo weka N na breki ya mkono. Usawa wa ATF hupimwa ikiwa kwenye kiwango maalumu cha joto kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari, si kwa kukisia. Kipoozeo cha ziada kifungwe mbele ya rejeta, kikilishwa na paipu inayorudi kutoka kwenye kipoozeo cha kiwandani.

Pima tena

Rudia safari ile ile ya hatua ya 1, saa ile ile ya mchana, mzigo ule ule. Andika namba mpya pembeni ya zile za kwanza kwenye daftari linalokaa garini, pamoja na tarehe, kilomita na aina ya oili iliyomo. Kama dramu ilikuwa 130 na sasa ni 80, umemaliza kazi. Kama transfa imeshuka nyuzi 5 tu baada ya yote haya, sikiliza mlio: mvumo unaopanda na mwendo na usiobadilika ukikanyaga klachi ni beringi za ndani. Hapo transfa inashushwa na kufunguliwa mezani, na fundi apime mkazo wa beringi za shafti ya kati kabla hajafunga bolti hata moja.